Haidensiti ya mdomoni

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, pembeni mwa barabara za Temeke na Kinondoni magodoro yanasimamishwa mstari kama yanakaguliwa. Uliza bei, na neno la kwanza utakaloambiwa ni "haidensiti". La bei ya chini ni haidensiti. La bei ya juu ni haidensiti yenyewe sasa.

Mwaka wangu wa kwanza nililiamini hilo neno. Nilichukua godoro la tatu kwa sita, inchi sita, kwenye duka moja Tandika, nikalifunga juu ya bajaji mpaka geto. Muhula wa pili ulipoanza, katikati palishakuwa na bonde la kiuno changu, na chini yake nilikuwa nahesabu mbao za kitanda kwa mbavu. Boom lilishaisha, kwa hiyo nilibaki na lile bonde hadi mwaka ukaisha.

Densiti ni uzito kugawanya kwa ujazo, basi. Godoro la sponji ni plastiki inayoitwa poliyurethani, imeumuliwa kama andazi: kemikali zinapokutana na maji kiwandani, gesi ya kabonidayoksaidi inazalishwa na kuacha vitundu kila mahali. Takriban asilimia 97 ya unachokilalia ni hewa. Hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachokubeba wewe na vitabu vyako.

Sasa piga hesabu na mimi. Godoro la futi 3 kwa 6, inchi 6, lina ujazo wa kama mita za ujazo 0.25. Likiwa na kilo 4, densiti yake ni kilo 16 kwa mita ya ujazo. Likiwa na kilo 7.5, ni 30. Kwa macho yanafanana kabisa. Tena la inchi 4 lenye densiti 30 lina plastiki nyingi kuliko la inchi 6 lenye densiti 16, lakini sisi tunanunua inchi kwa sababu inchi zinaonekana. Muuzaji atakwambia libonyeze kwa kiganja. Kiganja kinapima ugumu, na sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu vizuri tu. Omba lipimwe, wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani ya kuning'iniza. (Mizani nayo hudanganywa: viwanda vinaweza kuchanganya unga wa chokaa, uzito ukapanda bila uimara kuongezeka. Ila godoro jepesi halina pa kujificha.)

Lawama yangu ya pili ni kwa video za "vitu vya kubeba chuo". Nyingi zimeigwa kutoka Marekani: duveti nene, blanketi la manyoya, tabaka la sponji juu ya godoro. Ushauri mzuri kwa mtu wa Chicago mwezi Januari. Dar mwezi Februari usiku unakaa kwenye nyuzi 25 hivi na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linakauka kwa shida. Mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo usingizi ushike. Hewa iliyofungwa kwenye vitundu vya sponji inazuia joto lisitoke, na wewe unaongeza duveti juu!

Kinachokufaa ni shuka la pamba, au khanga mbili za pamba zilizounganishwa. Usiamini lebo. Chomoa uzi mmoja, uchome nje ya chumba ukiushika kwa kibanio: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, polyesta inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Wazee watakwambia godoro la sufi lilikuwa na ubaridi wake. Ni kweli lilipitisha hewa, ila hawataji mabonge, wala kulianika juani kila mara, kazi ambayo kwenye ghorofa ya tatu ya hosteli sijui ungeifanyia wapi.

Na ile lailoni ya dukani iliyozungushiwa godoro, ambayo nusu ya bweni wanaiacha "lisichafuke", itoe leo. Hakuna jasho linalopita pale. Unalala juu ya mfuko.