Noti ya Pauni Tano: Mwanamke Asiyeolewa na Thamani Yake katika Cranford

Katika riwaya za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria, mwanamke mtu mzima asiyeolewa aghalabu husawiriwa kwa kile alichokikosa. Bi Havisham wa Charles Dickens katika Great Expectations (1860–1861) ndiye kielelezo mashuhuri: saa za nyumba yake zimesimama tangu alipotelekezwa na mchumba, na maisha yake yote yanafasiriwa kwa siku hiyo moja.

Cranford ya Elizabeth Gaskell, iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya 1851 na 1853 katika jarida lililohaririwa na Dickens mwenyewe, inatumia kipimo tofauti. Bi Matty Jenkyns naye alizuiwa kuolewa na Holbrook, aliyempenda. Hata hivyo, tukio linalompambanua zaidi halihusu mapenzi bali fedha. Dukani, noti ya mkulima ya pauni tano inakataliwa kwa tetesi kwamba benki iliyoitoa imefilisika. Matty, mwenye hisa katika benki hiyo, anambadilishia kwa sarafu tano za dhahabu alizokusudia kununulia hariri. Hajui hesabu za benki, lakini anajua kwamba mwenye hisa hubeba dhamana. Tetesi zinapothibitika, rafiki zake wanaandika kila mmoja kwa siri kiasi anachoweza kumchangia. Naye anaanza kuuza chai, baada ya kumwuliza kwanza mwenye duka jirani iwapo biashara hiyo itamdhuru.

Kwa hiyo, thamani ya Matty inajengwa na uwajibikaji wake katika jamii, wala haitegemei ndoa. Udhaifu wa riwaya unajitokeza mwishoni: Peter, kaka yake aliyepotea, anarejea kutoka India na fedha za kutosha, na biashara ya chai inafungwa. Mfumo wa kusaidiana ambao wanawake wameujenga unafunikwa na mapato ya mwanamume yaliyochumwa ng’ambo.

Mwaka 1862 W. R. Greg alichapisha insha iliyopendekeza wanawake waliohesabiwa kuwa wa ziada wahamishiwe makoloni. Gaskell alikuwa amekwisha kuonesha kwamba hawakuwa wa ziada katika mji wao. Hata hivyo, hitimisho lake nalo linatafuta suluhisho katika himaya. Uhakiki unaosifu ucheshi wa Cranford bila kuuzingatia mkinzano huu unaiacha hoja kuu ya riwaya bila kujadiliwa.