Kabla ya Kukubali

Ombi limeingia usiku: beki wa miaka 23 pamoja na zamu ya kuchagua katika raundi ya pili ya drafti ya mwakani, yaani mgao wa wachezaji vijana kwa klabu, badala ya senta wa miaka 31 anayeongoza timu kwa pasi za mabao. Katika ligi nyingi za kuigiza za hoki ya barafuni, ombi kama hilo sasa halimalizi hata dakika moja. Meneja ananakili majina, anayabandika kwenye kikokotoo cha thamani, rangi ya kijani au nyekundu inajitokeza, jibu linatumwa. Kazi iliyokuwa ikila siku kadhaa za mawazo na mabishano imekuwa kubofya.

Mpimaji wa biashara wa aina ya zamani, na bado wamebaki wachache, haanzi na wachezaji hao. Huanza na anayeomba. Hufungua kikosi chake, akatazama mikataba inayokwisha, akahesabu masenta wenye afya, akajiuliza kwa nini mtu huyu amtake mchezaji huyu leo na si mwezi uliopita. Labda kipa wake anafungwa ovyo naye anadhani dawa ni mabao zaidi. Labda amekata tamaa na beki wake kwa sababu ambayo takwimu bado hazijaisema. Baada ya hapo ndipo hurudi nyumbani kwake kuuliza la pili: je, timu yangu inatafuta kombe msimu huu, au inajenga ya miaka mitatu ijayo?

Kwa shabiki wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea FPL, mchezo wa kuigiza wa Ligi Kuu ya England, ulimwengu huu una tofauti moja kubwa. Kule kila mtu hupewa pauni milioni 100 na kwenda kununua kwenye duka lisiloishiwa bidhaa. Mohamed Salah aliweza kuwa katika mamilioni ya vikosi wiki moja. Katika ligi ya hoki ya kuigiza kila mchezaji ni mmoja tu. Wanachama wamegawana klabu, kompyuta inacheza mechi kulingana na alama za wachezaji, na ukimtaka fulani huna budi kumwendea aliye naye, mzungumze, mvutane, mshindwane, mrudiane. Hapo ndipo ufundi ulipozaliwa.

Ufundi wenyewe si mkongwe sana. Hal Richman wa New York alianza kuuza Strat-O-Matic mwaka 1961, mchezo wa besiboli wa kadi na dadu, na hoki ikafuata miaka ya 1970 ikikaribia kwisha. Kila kadi ilibeba msimu mmoja wa mchezaji wa kweli, kwa hiyo aliyebadilishana kadi alikuwa akiuza yaliyopita na kununua yajayo. Mwaka 2001 Risto Remes wa Finland akatoa Eastside Hockey Manager bila malipo, na 2004 kampuni ya Sports Interactive ikaiuza madukani. Humo mchezaji ana sifa zinazopimwa kuanzia 1 hadi 20, nyingine zikionekana na nyingine zimefichwa: utulivu wa kiwango, uthabiti wa moyo katika mechi kubwa, wepesi wa kuumia. Waliotengeneza programu hiyo walijua kwamba bila kitu cha kufichwa hakuna cha kupima.

Walimu wa kazi hii, hata hivyo, hawakutoka kwenye kompyuta. Mkubwa wao ni Sam Pollock, meneja mkuu wa Montréal Canadiens katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kuanzia 1964 hadi 1978, muda ambao klabu yake ilinyakua ubingwa wa ligi hiyo, Kombe la Stanley, mara tisa. Kati ya biashara zake zote, moja inastahili kusimuliwa taratibu.

Mei 1970 Pollock alikuwa katika hali isiyo ya kawaida. Canadiens walikuwa wamekosa mechi za mtoano. Tena haki yao ya zamani ya kutangulia kuwachukua vijana wawili wa Québec wanaosema Kifaransa ilikuwa imekwisha na drafti ya 1969. Na katika mji wa Québec alikuwapo kijana aitwaye Guy Lafleur, ambaye msimu huo alikuwa ametia mabao 103 katika hoki ya vijana. Alikuwa bado mdogo mno kwa drafti ya mwaka ule. Zamu yake ingefika 1971.

Pollock akaenda California, kwa Seals. Aliwapa Ernie Hicke, mshambuliaji kijana, pamoja na zamu yake ya raundi ya kwanza ya 1970. Akapokea François Lacombe, beki ambaye wachache walimkumbuka baadaye, pamoja na zamu ya raundi ya kwanza ya Seals ya 1971. Kwenye karatasi ni raundi ya kwanza kwa raundi ya kwanza, mchezaji wa kawaida kwa mchezaji wa kawaida. Tena Seals walikuwa wameingia mtoano misimu miwili mfululizo; hawakuonekana watu wa mkiani. Kikokotoo chochote cha leo kingetoa rangi ya kijani kwa pande zote mbili na kuendelea na mengine.

Alichokiona Pollock hakikuwa kwenye orodha ya wachezaji. Aliona klabu isiyotulia mahali pake, iliyokuwa ikibadilisha mmiliki, na kikosi kilichofika mtoano kwa sababu nusu nzima ya ligi, zile timu sita zilizoongezwa 1967, ilikuwa dhaifu kama wao. Alikuwa akinunua anguko la watu wengine, mwaka mmoja kabla halijatokea. Msimu wa 1970–71 Seals walimaliza wa mwisho kabisa wakiwa na pointi 45, na wa mwisho ndiye aliyetangulia kuchagua katika drafti. Lafleur, msimu huohuo, alitia mabao 130.

Husimuliwa pia kwamba katikati ya msimu, Los Angeles Kings walipokuwa wakiyumba na kutishia kuwapita Seals kuelekea mkiani, Pollock aliwapelekea senta wake mzoefu Ralph Backstrom kwa bei nafuu ili wainuke. Uhamisho wenyewe ulifanyika kweli, Januari 1971. Nia yake hubishaniwa, na si lazima mabishano hayo yaishe. Lafleur alichaguliwa wa kwanza, akashinda Kombe la Stanley mara tano na Canadiens, na akawa mchezaji wa kwanza wa NHL kufikisha mabao 50 misimu sita mfululizo.

Kupima umri ni sehemu nyingine ya ufundi, nayo hufanana na mnadani, pale mnunuzi anapofunua mdomo wa ng'ombe na kutazama meno badala ya kumsikiliza dalali. Meno ya kipa huficha mengi. Agosti 1992 Chicago walimtoa Dominik Hašek, mwenye miaka 27 na mechi chache za NHL, wakapewa na Buffalo kipa Stéphane Beauregard pamoja na fidia ya baadaye, iliyokuja kuwa zamu ya raundi ya nne. Mshambuliaji wa miaka 27 anajulikana alivyo. Kipa wa umri huo anaweza kuwa hajaanza. Hašek alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima 1997 na 1998. (Zamu ile ya raundi ya nne haikupotea bure pia: ilimleta Éric Dazé, mshambuliaji mzuri.)

Halafu kuna biashara ya mmoja kwa watatu, mtego unaowanasa vijana kila msimu. Novemba 2005 Boston walimtoa senta Joe Thornton kwa San Jose, wakapata Marco Sturm, Brad Stuart na Wayne Primeau. Ukijumlisha alama za hao watatu, jumla inaweza kumzidi Thornton. Ila barafuni huingia watano na kipa, na nafasi ya senta wa kwanza ni moja. Thornton alimaliza msimu huo na pointi 125 na tuzo ya mchezaji bora. Mameneja wa kompyuta kwa miaka mingi wamekuwa wakidanganyika hivi hivi, wakikubali rundo la wa kawaida badala ya nyota, na binadamu anayefuata kikokotoo naye anajifunza ujinga uleule kwa hiari yake.

Lililopotea zaidi ni maandishi. Zamani ligi nyingi zilikuwa na kamati ya watu watatu au watano waliosoma kila biashara na kuandika hukumu yenye sababu: nani kashinda leo, nani huenda akashinda kesho, wapi kuna harufu ya hila. Siku hizi kamati hutazama asilimia. Tofauti ikizidi kiwango fulani, biashara hukataliwa. Ikiwa chini yake, hupita bila neno. Matokeo yake ni mabadilishano yaliyo sawa na yasiyobadilisha chochote. Wenye jicho, ambao huona thamani mahali wengine hawaoni, ndio wa kwanza kushukiwa udanganyifu.

Na hukumu ya mara moja haikutosha hata enzi zile. Wapimaji wazuri walikuwa na desturi ya kurudia biashara kubwa baada ya miaka mitatu au minne. Juni 1992 Quebec Nordiques walimuuza Eric Lindros kwa klabu mbili kwa wakati mmoja, mpaka msuluhishi Larry Bertuzzi akaamua ni wa Philadelphia. Quebec wakapata wachezaji sita, zamu mbili za raundi ya kwanza na dola milioni 15. Lindros akawa mchezaji bora wa ligi 1995, na wengi wakaona Philadelphia hawakukosea. Lakini mmoja wa wale sita alikuwa Peter Forsberg, kijana aliyekuwa bado kwao Sweden na ambaye hakucheza NHL mpaka 1995. Zamu ya 1993 ilimleta kipa Jocelyn Thibault. Klabu ikahamia Colorado, na Desemba 1995 Thibault akawa sehemu ya malipo ya kumpata Patrick Roy kutoka Montréal. Juni 1996 Colorado walibeba kombe, Forsberg akiwa mbele na Roy golini.

Miaka minne ya kusubiri ndiyo iliyohitajika kuisoma biashara hiyo moja. Ligi nyingi za kuigiza leo hazidumu muda huo: mwenye mtambo anachoka kulipia, wanachama wanahamia kwingine, na msimu mpya unaanza na orodha safi ya wachezaji, bila mtu wa kuuliza yule beki wa miaka 23 aliishia wapi.