Kusitiri na Kuficha

Katika lugha yetu mtu huugua, na mwenziwe humwuguza. Na kila nilitazamapo neno hili la pili huingiwa na mshangao, kwa kuwa umbo lake ni lile lile la kupungua na kupunguza, la kutulia na kutuliza, hata mgeni anayejifunza Kiswahili, akilikuta kwa mara ya kwanza, aweza kudhani kwamba kumwuguza mtu ni kumtia maradhi. Mswahili halisikii hivyo. Akiambiwa kwamba binti fulani alimwuguza baba yake miaka mitatu, husikia kukesha na kupika uji, kufua, kuinua na kulaza, na kuyasikiliza maneno yale yale usiku baada ya usiku. Wazee waliotuachia neno hili naona walikuwa na busara kubwa, maana tabibu huuendea ugonjwa ili auondoe, lakini muuguzi humwendea mtu aliyemo ndani ya ugonjwa, akafuatana naye katika kuugua kwake hata mwisho, uwe mwisho huo ni kupona au uwe ni mauti.

Thamani ya kazi hii sikuijua mpaka nilipokaa majuma matatu kando ya kitanda cha mama yangu mkubwa, katika wodi ya wanawake ya hospitali ya mji mmoja wa pwani, naye ameshikwa na saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa mwanamke wa makamo, mchache wa maneno, na siku ya pili aliniomba nimsaidie kumwogesha mgonjwa kitandani. Alivuta pazia, akaleta mabeseni mawili, akayapima maji kwa kiwiko. Alianza na macho, bila sabuni, akifuta kutoka upande wa pua kuelekea upande wa sikio, na kwa kila jicho pamba yake. Kisha uso, kisha shingo, kisha mkono mmoja, akiufunua, akiuosha, akiukausha na kuufunika kabla ya kuugusa wa pili. Kila alilotaka kulitenda alilisema kwanza: “Bibi, sasa nauinua mguu.” Maji aliyamwaga na kuleta mengine kabla ya kufika sehemu za siri. Alipomgeuza ubavu alitazama visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo, akabonyeza kidogo kwa kidole mahali palipokuwa pamewiva kwa wekundu, akangoja aone kama rangi itarudi. Halafu akalivuta shuka mpaka likanyooka kama ngozi ya ngoma, kwa sababu kunjo moja tu chini ya mwili uliodhoofika latosha kuanzisha kidonda. Kila baada ya saa mbili alirudi kumgeuza tena, wala katika majuma yale matatu sikumwona akichelewa.

Mimi nilikuwa nimeshika pindo la shuka, na nilipokuwa nikitoka na beseni ndipo iliponijia kwamba tangu mwanzo mpaka mwisho mwili wa mama mkubwa haukuwa wazi wote hata mara moja, na kwamba ushungi wake haukuondoka kichwani ila kwa muda wa kuosha nywele. Mwanamke yule aliyezoea kuingia barabarani kwa buibui, na kuketi barazani kwa heshima zake, aliogeshwa na mtu asiyekuwa nduguye, katika chumba cha wagonjwa ishirini, na akatoka katika kuogeshwa huko na haya yake yote.

Hii ndiyo sitara, nayo kwetu ni neno zito. Husitiriwa maiti, husitiriwa maskini, husitiriwa aibu ya jirani. Na tangu zamani wamesitiriwa wagonjwa. Husimuliwa kwamba katika zama za Mtume Rufaida al-Aslamia alikuwa na hema lake katika msikiti wa Madina akiwauguza majeruhi, na ndimo alimolazwa Saad bin Muadh baada ya vita vya Khandaki. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipopitisha kanuni zake za maadili mwaka 1953, na kila zilipofanyiwa marekebisho tangu hapo, jambo hili la staha ya mgonjwa na siri zake halikuachwa nje. Vijana wanaosomea uuguzi hufundishwa kanuni hizo darasani, na wanaosomea falsafa na fasihi huzijadili kwa majina makubwa makubwa. Nami natamani makundi yote mawili yangepewa kwanza beseni na shuka, kisha ndipo wafungue vitabu, kwa maana kanuni niliyoiona asubuhi ile ilikuwa katika vidole vya yule mwanamke kabla ya kuwa katika karatasi yoyote.

Lakini sitara ina ndugu anayefanana nayo sana, naye ni ficho, na mushkili mkubwa wa kazi hii uko katika kuwatambua wawili hawa.

Siku ya tano mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, alimwita muuguzi pembeni ukumbini, akamwomba kwa unyenyekevu wote: “Sista, tafadhali, bibi asijue. Akijua atakata tamaa.” Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa. Naapa kwamba katika ombi lile hapakuwa na ubaya. Palikuwa na mapenzi, na hofu, na ile desturi yetu kwamba habari nzito haimfikii mtu ila kwa kuzungushwa. Muuguzi hakumkemea, wala hakumwahidi. Alimwambia, “Mzee, mimi sitamwambia asilouliza; lakini akiniuliza, sitamwongopea.” Mjomba hakupendezwa, na mimi pia siku ile sikupendezwa.

Baadaye niligundua kwamba jambo hili ni la kale katika kazi yao. Florence Nightingale, katika kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, cha mwaka 1859, alitenga sura nzima kuwalaumu jamaa na marafiki wanaomjaza mgonjwa matumaini ya porojo, na mahali pengine akawalaumu wale wanaonong’ona chumbani mwake. Watu humkumbuka kwa taa yake katika hospitali ya Scutari, ilhali mimi namheshimu zaidi kwa kutambua kwamba mnong’ono humchosha mgonjwa kuliko sauti, kwa sababu humlazimisha kutega masikio. Nasi tulikuwa tukinong’ona kila siku.

Na kwetu sisi liko jambo la ziada, ambalo mwenye kuishi pwani atalielewa upesi. Mtu anayekaribia mauti ana shughuli. Ana deni la kulipa, ana wasia wa kuandika, ana watu wa kutakana nao radhi, ana amana za watu mkononi mwake. Anayemficha kwamba muda wake ni mfupi, hata kwa mapenzi, huchukua kitu kisichokuwa chake. Kusitiri ni kuyafunika ya mgonjwa mbele ya macho ya wengine; kuficha ni kuyafunika ya mgonjwa mbele ya macho yake mwenyewe. Shuka ni lile lile, ila limetandazwa upande mwingine.

Upole nao hautoshi kutuokoa, na kisa ninachokitaja kwa wanafunzi kila ninapopata nafasi ni cha muuguzi Eunice Rivers. Mwaka 1932, katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama huko Marekani, idara ya afya ya serikali ilianza kuwachunguza wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini, na kati yao 399 walikuwa na kaswende; wakaambiwa kwamba wana damu mbaya, wakaachwa bila tiba ya haki ili ionekane maradhi yatawafikisha wapi. Madaktari walikuja na kubadilishwa, lakini muuguzi, huyo Rivers, alibaki yule yule, mweusi kama wagonjwa wale, mhitimu wa chuo cha Tuskegee. Aliwachukua kwa gari lake kwenda kupimwa, akawapelekea aspirini, akawajua kwa majina pamoja na wake zao na watoto wao. Na mmoja wao alipofariki, yeye ndiye aliyeketi na wafiwa kuwaomba idhini maiti ipasuliwe, kwa malipo ya gharama za maziko. Penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana ya kaswende, katika miaka ya 1940, wao hawakupewa. Jambo hili likaendelea mpaka 1972, magazeti yalipolitoa hadharani, na mwaka 1997 Rais Clinton akaomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Wanafunzi wakisikia kisa hiki humlaani mara moja, au humtetea kwamba alikuwa mwanamke mweusi chini ya amri ya madaktari wazungu katika nchi ya ubaguzi, na kwamba muuguzi wa siku zile alifundishwa utii kabla ya kufundishwa kitu kingine. Utetezi huo una ukweli, nami siwezi kuutupa. Linalonitia uchungu mimi ni kwamba mapenzi yake kwa wanaume wale, kwa kadiri tunavyoweza kuona, yalikuwa ya kweli, nao walimpenda. Na ndiyo yaliyowafanya warudi mwaka baada ya mwaka. Laiti angekuwa mkali na mwenye kiburi, pengine wangemkimbia wakapata tiba kwingine. Upole wake ulikuwa pazia, na nyuma ya pazia watu walikufa.

Ni lazima niseme pia kwamba ile tofauti niliyoipata kando ya kitanda cha mama mkubwa haifungui kila mlango. Mume amepimwa, ameonekana na virusi vya Ukimwi, naye amwambia muuguzi kwamba mke wake asijue, ilhali mke huyo yuko nje kwenye benchi, amembeba mtoto, akimngoja warudi pamoja nyumbani. Siri ni ya mume, na muuguzi ameapa kuitunza. Lakini sitara ya mmoja imekuwa shimo njiani kwa mwingine. Nimezungumza na wauguzi walioonja jambo hili, na niliowasikia wote hawakuanza kwa kutoboa siri, wala hawakuanza kwa kunyamaza. Walimwita mume tena na tena, wakamkalisha, wakamwuliza anaogopa nini hasa, wakajitolea kuwa naye siku atakapomwambia mkewe, wakamtajia sheria, wakamtajia mtoto. Hii ni kazi ya majuma, na haiandikwi katika faili lolote. Na wakati mwingine haifui dafu.

Hali kadhalika dawa ya maumivu. Jamaa wengi huogopa mofini wakidhani ndiyo inayoua, na wauguzi wengine huwaogopa jamaa, basi mgonjwa hupunguziwa kipimo alichoandikiwa akaachwa akiugulia maumivu. Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona mwaka 1993, iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika wenyewe mofini ya maji, tangu mwaka 2004. Na mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa heshima kubwa kwa ufundi huu, maana serikali ilikiri kwamba anayekesha na maumivu ya mtu ndiye ayajuaye.

Mama mkubwa aliuliza usiku wa siku ya saba. Muuguzi alikuwa amebadilishiwa zamu, amekuja kumgeuza, na alipokwisha kumweka mto mgongoni alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo sikupata kumwona akilitenda, akamwambia kwa sauti ya kawaida, bila kunong’ona: “Bibi, maradhi haya wewe mwenyewe wayaonaje?” Mama mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akamjibu kwa swali: “Niambie, mwanangu, Ramadhani nitaidiriki?” Ilikuwa imebaki miezi minne. Muuguzi alimshika kifundo cha mkono, akasema, “Sidhani, bibi. Asubuhi nitamwomba daktari aje akueleze yote, nami nitakuwapo.” Akawapo, ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Daktari alipokwenda zake mama mkubwa alilia kidogo, akaomba afungwe ushungi vizuri, kisha akaniambia nilete kalamu na daftari.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umelisahau. Kwa muda wa miaka thelathini yeye alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake wa mtaa wetu, na hesabu zake hakupata kuziandika popote. Nani amekwisha kupokea, nani bado, nani ametoa nusu kwa sababu ya msiba, yote yalikuwa kichwani mwake. Duru ile ilikuwa ya wanawake kumi na wanne, na wengine walikuwa wameuza vitumbua mwaka mzima wakiingoja zamu yao. Tungalifanikiwa katika ficho letu, fedha zao zingalizikwa pamoja naye.

Alitaja majina polepole, akipumzika na kuanza tena hadi usiku, na kila jina lilikuja na habari zake: huyu mumewe yuko baharini, apewe mkononi mwake mwenyewe, huyu amehamia Pangani, atafutwe kwa nduguye muuza samaki, huyu nilimsema vibaya siku ya arusi ya bintiye, mwambie nimemwomba radhi. Pumzi zilikuwa zikimkatika, nami nilikuwa nikiandika na kufuta machozi kwa mkono ule ule. Tulikuwa tumefika jina la kumi na mbili pazia lilipovutwa, na yule muuguzi, aliyekuwa amerudi tena usiku ule, akaingia na shuka safi mkononi, kwa kuwa saa ya kugeuza ilikuwa imetimia. Mama mkubwa aliinua kidole. “Ngoja, mwanangu, bado wawili.” Muuguzi aliitazama saa yake ya kifuani, akaliweka shuka juu ya mkono wake, akasimama penye pazia akawangoja wale wawili.