Nzi, Kipokezi na Mwanga: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Tumeletewa tafsiri ya somo la baiolojia iliyokusudiwa wanafunzi wa kidato cha sita ili tuikague. Yahusu zana za kijeni ambazo kwazo wataalamu huchunguza utendaji wa vipokezi katika neva za nzi. Lugha yake ni fasaha, na juhudi ya mfasiri yastahili sifa. Hata hivyo, istilahi zake tatu zaweza kumpotosha msomaji, nasi hatuna budi kuzijadili.

Ya kwanza ni "nzi wa matunda". Jina hili limekwisha kupata mwenyewe. Mabwana shamba hulitumia kwa mdudu atagaye mayai ndani ya maembe, kama yule aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003. Nzi wa maabara ni wa jamii nyingine: ni yule mdogo azengeaye ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mkulima akisoma kwamba wataalamu hufuga nzi wa matunda kwa maelfu chupani, atastaajabu, na ana haki. Twapendekeza "drosofila".

Ya pili ni "mpokeaji". Neno hili humfanya msomaji afikirie mtu, hali kinachozungumzwa ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli ikingojea kemikali kama dopamini. "Kipokezi" latosha.

Ya tatu ndiyo nzito. Mfasiri ameziita zana zote "picha ya kazi ya mpokeaji", kana kwamba zote hufanya jambo moja. Sivyo. Katika mbinu ya Tango, iliyotumiwa kwa drosofila mwaka 2012, kipokezi huunganishwa na protini iwezayo kuwasha jeni. Dopamini ikifika, kimeng'enya huja kukikata kiungo. Protini iliyofunguliwa huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni ya protini ing'aayo. Mng'ao huo hujikusanya kwa saa kadhaa. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba njaa huongeza athari ya dopamini katika neva zionjazo sukari. Lakini kinachoonekana katika hadubini si tendo lenyewe, bali ni alama ya tendo lililokwisha pita. Kinyume chake, katika zana nyingine zilizotangazwa mwaka 2018, protini ing'aayo imepachikwa ndani ya kipokezi chenyewe, na mwanga wake hupanda na kushuka kadiri dopamini ijapo na iondokapo.

Mwanafunzi asiyeonywa ataandika kwamba nzi alikuwa akipokea dopamini wakati ule ule alipopigwa picha. Atakosea, na kosa litatokana na neno tulilompa. Dawa imo katika lugha yetu wenyewe: kinasa sauti hutusikilizisha leo maneno yaliyosemwa jana. Kwa mfano huo, twapendekeza "kinasa utendaji" kwa zana za aina ya kwanza, na "kionyesha utendaji" kwa zile za pili.

Huenda ikasemwa kwamba tunagawanya mno. Twajibu kuwa urefu wa jina huzoeleka, lakini kosa likishazoeleka vitabuni ni shida kuling'oa. Walimu na wafasiri wanaombwa kutuletea maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.