Pongezi kwa Walezi wa Wazee wa Bara ya Mombasa

Katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako wengi hurauka alfajiri kwenda bandarini, viwandani, au kuvuka feri kutafuta riziki kisiwani, wako wanawake, na wanaume wachache, ambao kazi yao ni kubaki katika nyumba za watu na kuwatunza wazee waliolemewa na umri na maradhi. Na hao wanastahili taadhima zaidi ya ujira mdogo wanaopewa.

Mtazame mmoja wao akimwogesha mzee aliyepooza: humfunua kiungo kimoja kimoja, kilichobaki kikiwa chini ya shuka, ili sitara yake isivunjike, kisha humgeuza ubavu na kukagua visigino na nyonga, asije akapitwa na wekundu ambao, usipowahiwa, huwa kidonda.

Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo. Aghalabu jamaa huuliza kwa majirani, kwa imamu au mchungaji, na kwa mhudumu wa afya ya jamii. Na wenye busara humwalika kwanza siku chache, wakiwapo wenyewe, wasikilize jinsi anavyomjibu mzee anayeuliza jambo lile lile mara ya tano.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa na Serikali, lakini shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee kwa fedha, hazimlipi mlezi. Basi watoto na wachange, wamlipe kwa wakati, na wampe ile siku moja ya mapumziko katika kila saba ambayo sheria ya ajira ya 2007 imemhakikishia.