Hati ya Deni Katikati ya Mji

Ndugu msomaji, wewe ukaaye Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Magomeni, hapana shaka umekwisha kuipita mara nyingi ile sanamu ya Askari iliyoko kwenye kipilefti cha Samora na Azikiwe. Umeshuka Posta na haraka zako, una hati ya kugongwa mhuri au dawa ya kununua, ukaitupia jicho ukapita. Wazee wa mji waliiita Bismini, na mpaka leo wako waiitao hivyo.

Kila yanapozuka mambo ya sanamu huko nje, kama ilivyokuwa Bristol, Uingereza, mwezi Juni 2020, watu walipoikokota sanamu ya Edward Colston, tajiri wa biashara ya watumwa, wakaitumbukiza bandarini, hapa kwetu nako suala huulizwa barazani: hii yetu je? Mmoja husema iondolewe, imewekwa na mkoloni. Wa pili husema iondolewe, maana sanamu ni sanamu. Wa tatu husema iachwe, ni pambo la mji na wageni huipiga picha. Rai hizi zote tatu zina upungufu, na upungufu wake ni mmoja: hakuna aliyesimama akaisoma.

Basi na tuisome. Ni askari mweusi wa shaba, amevaa mavazi ya vita, ameinama mbele na bunduki mikononi, bayoneti imeelekea upande wa bandari. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa mwaka 1927. Kwa kazi ya mkono, ni kazi nzuri. Mwili una uzito, mguu umekanyaga kweli, wala uso haukufanywa kichekesho kama walivyozoea kutuchora watu wa zama zile. Upungufu wake ni mwingine. Yuko peke yake. Mwaka uliofuata, 1928, ilizinduliwa Nairobi kumbukumbu ya vita vile vile, na pale zimesimamishwa sanamu tatu, mmojawapo ni mpagazi. Hapa Dar es Salaam mpagazi hakupandishwa juu. Sisi tumepewa askari tu, na askari huyo hana jina.

Chini yake kuna maandishi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hati za Kiarabu pia zimo, ili babu zetu waliosoma chuoni wasikose kuelewa. Maneno ya asili yalitungwa na Rudyard Kipling, mtunzi mashuhuri wa Waingereza. Yanawataja wanajeshi wa Kiafrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika vita vya 1914 hadi 1918. Kisha yanatoa ahadi: anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Mfalme wao! Mfalme gani? Mwaka 1914 nchi hii ilikuwa mikononi mwa Mjerumani. Vijana wa Dar es Salaam waliovalishwa sare katika vita vile, aghalabu walivalishwa sare ya Kaiser, wakapigana chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck dhidi ya huyo mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo, kwa maneno yake yenyewe, jiwe lililo katikati ya mji wetu halikuwahesabu watoto wengi wa mji huu. Chukua nyumba moja inayojulikana na kila asomaye historia ya hapa, nyumba ya Sykes. Sykes Mbuwane aliletwa kutoka Msumbiji pamoja na askari wa Kizulu wa Hermann von Wissmann. Mwanawe Kleist akapigana upande wa Wajerumani katika vita vile vikuu, kisha ndiye akawa miongoni mwa walioasisi African Association mwaka 1929, na Al-Jamiatul Islamiyya baada yake. Wajukuu, Abdulwahid na Ally, wakaenda Burma na jeshi la Mwingereza katika vita vya pili, na waliporudi wakawa katika safu ya mbele ya walioiunda TANU mwaka 1954. Sasa mtu wa nyumba kama hiyo akipita pale Samora, aseme yule wa shaba ni babu yake au ni adui wa babu yake?

Wala si hiyo sanamu ya kwanza kusimama mahali pale. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Wissmann mwenyewe, naye kwa watu wa pwani si mgeni. Ndiye aliyeletwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka ule ule. Na mwaka 1895, Wissmann akiwa gavana, akanyongwa Hassan bin Omari Makunganya wa Kilwa. Katika sanamu yake alisimama juu, amejiegemeza kwa fahari, na chini yake askari mweusi amemwinulia macho huku akiifunika bendera ya Kijerumani juu ya simba anayekata roho. Askari wa Wissmann wa mwanzo wengi walikuwa Wasudani waliokusanywa Misri, Waislamu. Uchungu wa jambo hili tusiumeze kimya kimya: waliomkamata Abushiri walikuwamo watu waliosali kuelekea kibla kimoja naye.

Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, Wissmann akashushwa, akachukuliwa Uingereza kama ngawira. Baadaye Wajerumani wakamrudisha kwao, na mwaka 1922 akasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko nako hakukaa kwa amani. Wanafunzi walimwangusha mwaka 1967, wakubwa wakamrudisha, wakamwangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo akatiwa stoo. Mwaka 2004 msanii mmoja alimtoa, akamsimamisha bandarini Hamburg kwa zaidi ya mwaka mmoja, na watu wa mji wakatakiwa waseme afanywe nini. Wakabishana sana, kisha akarudishwa stoo. Tazama basi: mji wetu ulikwisha kuondolewa sanamu mara moja, lakini aliyeiondoa hakutuuliza, na aliyeweka nyingine mahali pake hakutuuliza. Mahali ni pale pale, na mpango ni ule ule, isipokuwa bwana ameondoka na mtumishi wake ameachwa juu.

Tuje kwenye hoja ya sheria, maana najua wako wanaoingojea. Jamhuri ya maulamaa wamekataza kuchonga mfano wa kiumbe mwenye roho, hasa ule wenye mwili na kivuli, na mwenye kusema hivyo hajazua neno. Lakini tuangalie pia sababu. Katika Surat Nuh yametajwa majina matano, Wadd na Suwaa na Yaghutha na Ya‘uqa na Nasra, na imepokewa kwa Ibn Abbas katika Sahihi ya Bukhari kwamba asili yao walikuwa watu wema. Walipokufa, watu wao wakasimamisha mifano yao pale walipokuwa wakikaa, wakawapa majina yao, nia ikiwa kukumbuka tu. Vizazi vilipopita na ilimu ikapotea, zikaabudiwa.

Hapana mtu aiabuduye Bismini, alhamdulillahi. Hata hivyo kisa hiki kina somo la pili ambalo mara nyingi twalipita: mfano husimamishwa ili watu wakumbuke, kisha mfano hubaki na kumbukumbu hupotea. Watu wa Nuhu walau majina yalibaki. Sisi tumebakiwa na shaba bila jina hata moja. Mtume (S.A.W.) alipomzika Uthman bin Madh‘un aliweka jiwe kichwani mwa kaburi, akaeleza kuwa ni ili alitambue kaburi la ndugu yake na awazike karibu naye watakaokufa katika jamaa zake. Jiwe lile halikuwa na sura wala pambo. Lilifanya kazi moja tu, kumjulisha mtu fulani yuko wapi.

Na kwa wapagazi kazi hiyo haikufanyika. Kariakoo kwenyewe, tunakokwenda kununua vitunguu na vitambaa, jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowekwa kambi pale na Waingereza. Waliofia kazi ile ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na wanahistoria wamewakadiria kuwa karibu laki moja. Risasi iliwaua wachache. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi usioiva. Mapema mwaka 1917 mafuriko ya Rufiji yaliwakata wasipate chakula, wakafa njiani na mizigo vichwani. Enyi wa Mtoni na Mbagala ambao asili yenu ni Rufiji, Umatumbi na Kilwa, barabara ipitayo mbele ya nyumba zenu ndiyo iendayo huko.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikaungama yaliyokuwa yamefichwa karne nzima. Watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kwa namna yo yote. Humo mna habari ya Horace Byatt, aliyekuwa gavana wa Tanganyika, kwamba rai yake ilikuwa makaburi makubwa ya wapagazi hapa Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Kisha, miaka michache baadaye, katika mji huo huo, likazinduliwa jiwe linalowaahidi kwamba majina yao yatakumbukwa.

Sisemi Kipling alikusudia udanganyifu. Yeye mwenyewe alimpoteza mwanawe wa pekee, John, katika vita vya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, wala mwili haukupatikana baba akiwa hai. Alijua uchungu wa mzazi asiye na kaburi la kulizuru. Lakini jina la John lilichongwa huko Loos, ukutani, pamoja na majina ya wengine zaidi ya 20,000. Mpagazi wa Kirufiji alipewa sentensi ile, asipewe ukuta.

Ndiyo maana nasema, msomaji, mabishano ya iondolewe au ibaki yameanzia katikati. Kitu kile ni hati ya deni. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametuamrisha tukikopeshana tuandike, na kila mwenye akili ajua kwamba mwenye kudai haichani hati kabla hajalipwa. Akiichana, anayefurahi ni mdaiwa. Leo tukiing’oa Bismini tukaipeleka makumbusho, au tukaiyeyusha kama watakavyo wengine, tutakuwa tumeondoa jiwe la pekee katikati ya mji ambalo juu yake Mwingereza aliandika kwa hati yake na kwa hati zetu kwamba majina yatakumbukwa. Ibaki, basi. Ibaki si kwa uzuri wake, wala kwa ajili ya watalii, bali mpaka majina yatolewe. Yakishatolewa na kuandikwa, hapo na iende makumbusho, nami sitaisikitikia.

Atakayesema majina hayapatikani tena, na atazame Cape Town. Mwezi Januari 2025 ilizinduliwa huko, katika bustani ya Company’s Garden, kumbukumbu ya watu weusi 1,772 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vile wakiwa vibarua wa jeshi, bila makaburi yanayojulikana. Walitafutwa katika makaratasi, wakapatikana. Na tazama walivyokumbukwa: hakuna sanamu ya mtu. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, na juu ya nguzo pana jina na tarehe ya kufa. Mimi nimeipenda kazi hii kuliko shaba yo yote, na hapana mwanachuoni atakayeona ugumu nayo. Mvule nao si mti wa kuagizwa ng’ambo, tunao.

Kudai makaratasi yafunguliwe na kusomwa ni kazi ya serikali, na kazi ya Halmashauri ya Jiji ni kutoa uwanja. Lakini makaratasi yale hayatakuwa na kila mtu. Liko fungu lililobaki majumbani mwetu, na linapungua kila tunapotoka makaburini Kinondoni au Temeke kumzika bibi mmoja. Katika nyumba nyingi za pwani yuko mzee aliyesikia utotoni kwamba babu fulani alichukuliwa katika vita vya Mjerumani asirudi. Ukimaliza kusoma ukurasa huu mwendee umwulize, naye asipojua akuelekeze kwa ajuaye. Kalamu ya risasi na karatasi ya mwisho ya daftari la mtoto vyatosha. Andika jina lake, la baba yake, na la babu yake likijulikana, kijiji alichotoka, alichukuliwa na nani, Mjerumani au Mwingereza, alibeba bunduki au mzigo, na mahali inaposemekana aliachwa, hata kama lililobaki ni neno moja tu, Rufiji.