Jinsi Kabete Ilivyoitambua Homa ya Nguruwe ya Afrika

Maabara ya mifugo ya Kabete haiko mbali na Riruta Satellite na Kawangware, mitaa ya Nairobi. Hapo ndipo homa ya nguruwe ya Afrika, iliyokuja kuitikisa China mwaka 2018, ilipopata maelezo yake ya kwanza ya kisayansi.

Kati ya 1909 na 1915 nguruwe wa walowezi waliteketea. Mtafiti R. Eustace Montgomery aliorodhesha milipuko 15. Katika nguruwe 1,366 walikufa 1,352. Homa kali, masikio kuiva wekundu, bandama kuvimba na kuwa nyeusi: dalili zote zilishabihiana na homa ya nguruwe iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Ingekuwa rahisi kuupa jina hilo na kuagiza dawa yake. Montgomery akaijaribu kwanza. Seramu iliyowakinga nguruwe dhidi ya ugonjwa wa Ulaya haikuwaokoa na huu. Damu ikapitishwa kwenye chujio linalozuia bakteria, na bado ikaua. Kwa hiyo kisababishi kilikuwa virusi, tena virusi vingine kabisa. Ripoti yake ilitoka 1921, nayo ilimtaja ngiri, anayevibeba bila kuugua.

Hatua iliyofuata ilifanyika katika kituo cha utafiti cha Muguga. Mwaka 1960 Malmquist na Hay walikuza chembe nyeupe za damu ya nguruwe ndani ya chupa, wakaziambukiza. Chini ya darubini, chembe nyekundu ziliizingira kila chembe iliyoambukizwa na kuishikilia kama shanga shingoni. Kuanzia hapo ugonjwa ungeweza kuthibitishwa bila kumtoa nguruwe mwingine kafara. Mwaka 1969 Plowright na wenzake wakaeleza kwamba wamevipata virusi hivyo kwenye papasi waliotolewa mashimoni mwa wanyama, Tanzania.

Riruta hakuna ngiri. Mjini njia ya maambukizi ni makombo ya hotelini yenye mabaki ya nyama, viatu vya mnunuzi anayetoka banda hili kuingia lile, na nguruwe wanaouzwa kwa haraka. Siku hizi kipimo cha vinasaba hutoa jibu kwa saa chache, kwa hiyo ucheleweshaji mkubwa hutokea kabla sampuli haijafika maabara. Nguruwe mmoja akikataa kula, mwenye banda huwauza waliobaki kabla hawajaanguka. Simlaumu: ugonjwa hauna tiba, na nguruwe hao ndio karo ya watoto. Lakini aliyeuzwa huondoka na virusi, na nyama yake huvihifadhi kwa muda mrefu. Ndiyo maana naona fidia ya haraka kwa anayetoa taarifa itazuia mlipuko zaidi kuliko mashine nyingine ya maabara. Faini humfundisha mfugaji kunyamaza.

Sampuli yenyewe haihitaji makuu: damu kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, au kipande cha bandama cha nguruwe aliyekufa, kikafungwa vizuri kisivuje na kuwekwa kwenye barafu. Daktari wa mifugo wa wadi akiitwa asubuhi, sampuli inaweza kuwa Kabete kabla ya saa sita mchana.